Mgahawa wa kifahari uwanja wa ndege: Umeuliza halali, je, umeuliza usafi?



Wiki hii safu yetu inamgeukia msafiri. Si msafiri wa basi anayenunua mahindi ya kuchoma dirishani, huyo tutamrudia siku nyingine inshaallah, bali msafiri wa ndege. Wengi wetu tuna ndugu anayekwenda Umra, mfanyabiashara anayefuata mzigo Dubai au Guangzhou, mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu, au kijana anayerudi masomoni Uingereza. Wote hawa hukaa uwanjani saa 3, saa 5, na wengine usiku kucha, wakisubiri ndege ya kuunganisha. Njaa huwakuta humo humo, na humo ndimo ilimowekwa migahawa ambayo wengi wao hawajawahi kuingia hata katika miji wanayoishi.

Muislamu akiketi mezani huko, swali lake la kwanza ni moja: je, hiki ni halali? Ni swali zuri, na asiache kuliuliza. Lakini dini yetu imetufundisha maneno mawili yanayokwenda pamoja, halali na twayyib. Chakula kiwe kimeruhusiwa, na kiwe kizuri, kisafi, kinachoufaa mwili. Msafiri wetu hulishika neno la kwanza akalisahau la pili, hasa anapoona vitambaa vyeupe na glasi zinazong'aa. Makala hii inalihusu hilo neno la pili.

CHAKULA CHA UWANJANI KIMEBADILIKA

Zamani chakula cha uwanja wa ndege kilikuwa mkate baridi wenye kipande cha jibini, na chai katika kikombe cha karatasi. Mambo yalibadilika zaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Ukaguzi ukaongezeka, abiria wakatakiwa kufika mapema, na wakajikuta na muda mrefu wa kukaa ndani baada ya kukaguliwa. Katika miaka hiyo hiyo mashirika mengi ya ndege ya Marekani yaliacha kutoa chakula cha bure kwa abiria wa daraja la kawaida katika safari za ndani. Mtu ana njaa, ana muda na ana fedha mfukoni. Biashara ikajileta yenyewe.

Mwaka 2008 mpishi maarufu wa Uingereza, Gordon Ramsay, alifungua mgahawa wake uitwao Plane Food katika Jengo la 5 la uwanja wa Heathrow, London. Mwaka huo huo katika uwanja wa Atlanta, Marekani, ambao karibu kila mwaka tangu 1998 umeongoza duniani kwa idadi ya abiria, ulifunguliwa mgahawa wa One Flew South, unaosifika pia kwa sushi, yaani chakula cha Kijapani ambacho aghalabu huwa na samaki mbichi. Mwaka 2014 Heston Blumenthal, mpishi mwingine wa Uingereza, alifungua The Perfectionists' Café katika Jengo la 2 la Heathrow, ambako aiskrimu iligandishwa mbele ya mteja kwa naitrojeni kimiminika. Huko Stuttgart, Ujerumani, mgahawa wa uwanjani ulioitwa Top Air ulishikilia nyota ya Michelin kwa miaka mingi kabla haujafungwa.

Hii basi si migahawa ya kubahatisha. Ina wapishi waliosomea, vyombo vya thamani na bei za kumfanya mtu asome orodha mara mbili. Ndiyo maana msafiri huona aibu kuuliza lolote. Hujiambia kwamba mahali kama hapa haiwezekani pakawa na tatizo. Kosa linaanzia hapo.

NYOTA SI CHETI CHA USAFI

Tuanze na hiyo nyota. Kitabu cha mwongozo cha Michelin kilianza Ufaransa mwaka 1900, na wakaguzi wake hutoa nyota 1 hadi 3. Wanachokipima ni kile kilichomo kwenye sahani: ubora wa viungo, ustadi wa upishi, ulinganifu wa ladha, na kama mpishi anaweza kurudia kazi ile ile kila siku. Hawaingii jikoni kupima joto la friji wala kuangalia kama wafanyakazi wananawa mikono. Kazi hiyo ni ya mabwana na mabibi afya wa serikali.

Ushahidi upo. Mapema mwaka 2009 mgahawa wa Heston Blumenthal uitwao The Fat Duck, ulioko kijiji cha Bray nchini Uingereza na uliokuwa na nyota 3, ulilazimika kufungwa kwa muda. Zaidi ya wateja 500 walitoa taarifa kwamba waliugua kwa kutapika na kuharisha. Uchunguzi wa mamlaka ya afya ulikuta chanzo ni norovirusi, na chaza waliotajwa katika ripoti walikuwa wamechafuliwa na virusi hao tangu baharini. Ripoti ilisema pia kwamba taarifa zilichelewa kufikishwa kwa wahusika, na kwamba baadhi ya wafanyakazi waliougua walirudi kazini mapema kuliko ilivyopasa.

Mwaka 2013 yakatokea kama hayo Copenhagen, Denmark, katika mgahawa wa Noma, ambao ulikuwa umetajwa kuwa bora duniani kwa miaka mitatu mfululizo, 2010 hadi 2012. Wateja 63 waliugua, na kirusi kilikuwa ni huyo huyo.

Ndugu msomaji, migahawa hii miwili haimo katika viwanja vya ndege, na siitaji ili kuwasema vibaya wapishi wake. Naitaja ili uone kwamba kirusi hakijui bei ya chakula. Kama yalitokea kwenye jiko la nyota 3, yenye nafasi na wafanyakazi wa kutosha, yanaweza kutokea kwenye jiko lolote.

MTEGO WA CHAZA

Sasa tuje kwa Muislamu mezani. Anasoma orodha. Nyama ya ng'ombe ipo lakini hajui imechinjwaje. Kuku vile vile. Mchuzi umepikwa kwa mvinyo. Anakumbuka aliyofundishwa madrasa, kwamba kilichotoka baharini ni halali, na sisi wa mwambao tulio wengi katika madhehebu ya Shafi hatuna shida nacho. Basi anavuka ukurasa wa nyama anaingia ukurasa wa samaki. Juu kabisa ya ukurasa huo, katika migahawa mingi ya kifahari, wamekaa chaza wabichi juu ya barafu, na pembeni yao samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba.

Kwa hiyo yule aliyekimbia shaka ya dini amefikia pale penye hatari kubwa kuliko zote kwa tumbo lake. Nitaeleza kwa nini.

Chaza hula kwa kuchuja maji ya bahari, lita nyingi kwa siku. Maji hayo yakiwa yameingiwa na kinyesi cha binadamu, virusi hunasa ndani ya mwili wa chaza na kujikusanya humo. Chaza mwenyewe haugui, hanuki, wala habadiliki rangi. Mteja humla mbichi, mzima, pamoja na tumbo lake. Ndimu haiui norovirusi, pilipili haimuui, na barafu humhifadhi vizuri. Hata kuwapitisha chaza kwenye mvuke kwa muda mfupi hakutoshi. Wataalamu wanataka joto la nyuzi 90 lifike ndani kabisa kwa sekunde 90.

Upo pia ugonjwa mwingine wa chaza wabichi, wa bakteria aitwaye Vibrio vulnificus. Kwa mtu mzima wa afya huenda asidhurike sana, lakini kwa mwenye ugonjwa wa ini, bakteria huyu huweza kuingia katika damu na kuua. Nasema hili kwa sababu homa ya ini aina ya B imeenea katika nchi zetu na wengi wanaoishi nayo hawajijui. Mwenye ini bovu, mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu na mama mjamzito wasiguse chaza wabichi, uwanjani au kwingineko.

Na sushi je? Samaki wa kuliwa mbichi katika nchi nyingi hugandishwa kwanza ili kuua minyoo, na hilo husaidia. Lakini kugandisha hakuui virusi, wala hakumsafishi aliyemkata kwa mikono michafu. Mjamzito amwache kabisa. Wewe mwingine pima mwenyewe: kama mbele yako una saa 9 za kukaa kwenye kiti chembamba na choo kimoja cha foleni, hiyo ni siku ya kujaribu samaki mbichi kwa mara ya kwanza?

JIKO LA UWANJANI LINA SHIDA ZAKE

Jiko la uwanja wa ndege halifanani na jiko la mjini. Nafasi ni ndogo na kodi ni kubwa. Kila gunia la vitunguu na kila sanduku la samaki hukaguliwa kabla halijaingia. Katika viwanja vingi visu vya jikoni huhesabiwa, na kwingine hufungwa kwa mnyororo kwenye meza ya kukatia. Kwa hiyo baadhi ya migahawa huandaa sehemu ya chakula katika jiko kubwa lililo mbali, hukipoza, hukisafirisha kwa gari, kisha hukipasha moto au kukimalizia uwanjani. Chakula kinapopita mikono mingi na safari nyingi, jambo linalokilinda ni joto sahihi.

Shirika la Afya Duniani lina kanuni 5 za chakula salama: usafi wa mikono na vyombo, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika hadi ndani kufikie nyuzi 70, kukihifadhi cha moto juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5, na kutumia maji na malighafi salama. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo bakteria wanapozaana.

Kisa kinachofundishwa sana katika somo hili ni cha Februari 1975. Ndege ya shirika la Japan Air Lines iliyotoka Tokyo ilipakia chakula Anchorage, Alaska, ikaelekea Copenhagen ikiwa na abiria 344. Asubuhi walipewa mayai ya kukaanga na nyama. Abiria 196 na mhudumu mmoja wakaanza kutapika na kuharisha angani, na zaidi ya 140 wakalazwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpishi mmoja alikuwa na vidonda vyenye usaha vidoleni, vyenye bakteria wa stafilokokasi, na chakula kilikaa saa nyingi bila ubaridi wa kutosha. Sumu ya bakteria hao haiharibiki kwa kupasha moto. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hadi leo hayataki rubani na msaidizi wake wale chakula cha aina moja. Kidonda kimoja kidoleni, na karibu watu 200 wakaugua.

MIKONO YAKO MWENYEWE

Usimlaumu mpishi peke yake. Wewe umefikaje mezani? Umevua viatu, ukaweka simu, mkanda na mkoba katika trei ya plastiki ambayo kabla yako imeshikwa na mamia ya watu. Watafiti wa Finland na Uingereza walipima sehemu mbalimbali za uwanja wa Helsinki wakati wa majira ya mafua, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Katika trei 8 za ukaguzi walizopima, 4 zilikuwa na dalili za virusi vya mafua na vya magonjwa mengine ya njia ya hewa. Vyooni, walikopima pia, hawakuvikuta. Kipimo chao kilitafuta chembechembe za virusi, hakikuonyesha kama viko hai, lakini somo liko wazi: mkono uliotoka kwenye trei usiende kwenye mkate.

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, vidoleni na chini ya kucha. Jeli ya spirti inafaa kwa virusi vingi vya mafua, lakini norovirusi huistahimili, hivyo isiwe badala ya sabuni. Na ndugu yangu uliyetoka kutawadha katika chumba cha swala, udhu wako ni wa ibada na hatuusemi vibaya, lakini ulitawadha bila sabuni. Ongeza sabuni kabla ya kula.

MWILI ANGANI SI KAMA MWILI ARDHINI

Ndani ya ndege hewa hupunguzwa msukumo hadi kufanana na hewa ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Hewa iliyomo tumboni hutanuka kwa karibu theluthi moja. Aliyeshiba maharage, kabichi na soda uwanjani hujuta akiwa juu. Hewa ya ndege pia ni kavu mno, na katika viwanja vingi chupa yako ya maji ilichukuliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya sharti la mililita 100 lililoanza mwaka 2006. Msafiri akila mlo wenye chumvi nyingi kisha akakaa bila maji na bila kunyoosha miguu, anajiongezea uchovu, uvimbe wa miguu, na kwa baadhi ya watu damu huganda miguuni. Mwenye shinikizo la damu aombe sosi iwekwe pembeni, kwa sababu chumvi nyingi imejificha humo.

Mgonjwa wa kisukari naye asikie hili. Migahawa ya kifahari hukawia, kwa kuwa sahani huja moja baada ya nyingine. Usichome insulini ya kufanya kazi haraka kwa sababu umeagiza chakula. Subiri kiwe mezani mbele yako. Wengi huishiwa sukari wakimsubiri mhudumu, kisha jina lao likaitwa getini. Insulini ibaki katika mkoba wa mkononi, isiende kwenye mzigo wa chini ambako inaweza kuganda.

NA HALALI IULIZWEJE?

Hukumu waachie masheikh. Mimi nasema yaliyomo sufuriani. Mvinyo katika mchuzi hauishi wote kwa kuchemka, kama wapishi wengi wanavyodai. Kwa hesabu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemka nusu saa baada ya kutiwa kileo hubaki na takriban asilimia 35 ya kileo hicho, na cha saa mbili na nusu hubaki na asilimia 5. Vitamutamu vinavyotetemeka kama maji yaliyoganda mara nyingi vina gelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe. Samaki wako anaweza kuchomwa juu ya chuma kilichotoka kuchoma nyama hiyo hiyo. Na usibweteke kwa kuwa uko Doha au Dubai, maana humo viwanjani kileo pia huuzwa. Uliza.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tafuta alama ya usafi, acha kutafuta nyota. Nchini Uingereza (isipokuwa Scotland, yenye utaratibu wake) halmashauri huupa kila mgahawa namba kuanzia 0 hadi 5, nayo 5 ndiyo bora. Ukiona kibandiko chenye 5 mlangoni, hicho ndicho cheti. Usipokiona, namba hizo zimo katika intaneti. Jiji la New York hubandika herufi A, B au C.

2. Chagua kilichopikwa mbele ya moto na kuletwa kikitoa mvuke: samaki wa kuchoma aliyeiva hadi ndani, supu, wali uliopikwa muda huo, mboga zilizopikwa. Kikija vuguvugu, kirudishe kwa adabu. Ni haki yako.

3. Muulize mhudumu maswali manne: kina kileo? kina gelatini au mafuta ya nguruwe? kinapikwa chombo kimoja na nguruwe? kinaliwa kibichi? Mgahawa mzuri hauchukii maswali haya. Unaochukia umekwisha kukujibu.

4. Kula saa mbili kabla ya kupanda, na usijaze tumbo.

5. Weka pakiti mbili za ORS katika mkoba wa mkononi. Unga huo ni mwepesi na thamani yake huonekana siku ya shida.

6. Ukianza kutapika ndani ya saa chache baada ya kula, yaelekea ni sumu ya bakteria. Ukianza baada ya saa 12 hadi 48, fikiria norovirusi. Mwambie mhudumu wa ndege mapema, kunywa ORS kidogo kidogo, na nawa kwa sabuni ili usiwaambukize wenzako. Damu kwenye choo, homa kali, kizunguzungu cha kushindwa kusimama au mkojo kukatika, hayo si ya kusubiri. Nenda hospitali mara utuapo.

7. Ukiugua, toa taarifa kwa mgahawa na kwa mamlaka ya afya ya pale. Hivyo ndivyo yalivyojulikana ya The Fat Duck. Msafiri anayenyamaza humwachia mwenzake sahani ile ile.

Ndugu msomaji, sikukatazi kuketi kwenye kiti kizuri. Riziki yako ni yako, na mlo mzuri kabla ya safari ndefu ni neema. Ninachokuomba ni kwamba ulipokuwa na ujasiri wa kuuliza kama nyama imechinjwa, uwe na ujasiri ule ule wa kuuliza kama chaza wamepikwa. Aibu ya swali hupita kabla hujafika getini, ila tumbo lililochafuka unapanda nalo ndege.

Safari njema, na Allah awafikishe salama wasafiri wetu wote. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.